Kamera Inapokisia: Akili Mnemba Katika Kazi ya Mpiga Picha

Mpiga picha wa harusi akifunga begi lake Jumamosi usiku, nusu ya kazi bado haijaanza. Kadi zake za memori zina picha elfu mbili, pengine tatu: nikaha au misa, msafara wa magari, ukumbi wenye taa za zambarau, keki, shangazi wanaocheza. Maharusi wanazisubiri kwa hamu, na ndugu wanaziulizia kwenye kundi la WhatsApp kabla maturubai hayajashushwa. Kwa miaka mingi mzigo huo ulibebwa na macho ya mtu mmoja aliyekesha mbele ya kompyuta. Siku hizi sehemu kubwa yake inabebwa na programu, na karibu zote zinauzwa kwa jina moja: akili mnemba.

Jina hilo limefunika mambo yasiyofanana. Kamera inayolifuata jicho la bibi harusi akitembea ni akili mnemba. Programu inayotenga picha ambazo watu wamefumba macho, nayo ni hiyo. Inayosafisha picha ya ukumbi wenye giza, inayomfuta mpita njia, inayomweka pichani mtu ambaye hakuwepo: zote jina moja. Matokeo yake watu wanazikubali zote au wanazikataa zote. Mimi naamini kuna swali moja linalozitenganisha vizuri, na mpiga picha akilishika hatapotea: je, kifaa hiki kinakisia kutokana na mwanga ulioingia kwenye lenzi yangu siku ile, au kutokana na picha za watu wengine?

Kukisia hakukuanza leo

Wapo wanaosema picha halisi ya kidijitali ni ile ambayo haikuguswa na hesabu yoyote. Picha ya namna hiyo haijawahi kuwepo. Kihisi cha kamera hakioni rangi, kinapima wingi wa mwanga tu. Ili rangi ipatikane, juu ya kila nukta huwekwa kichujio kidogo, chekundu, cha kijani au cha buluu. Mpangilio unaotumika katika kamera nyingi ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, na hataza yake ilitolewa mwaka 1976: nusu ya nukta ni za kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kwa hiyo kamera ya megapikseli 24 inapima kijani katika nukta milioni 12, nyekundu katika milioni 6 na buluu katika milioni 6. Kila nukta inajua rangi yake moja. Nyingine mbili hukadiriwa kutoka nukta za jirani. Theluthi mbili ya rangi zote zilizomo kwenye picha yako ni makadirio.

Kwa hiyo kukisia peke yake si kosa. Makadirio ya Bayer yanatoka ndani ya picha ileile, kwenye mwanga uleule, sehemu ya milimita pembeni. Akili mnemba imeleta chanzo cha pili. Mtandao wa neva bandia huonyeshwa picha nyingi mno, ukakisia, ukasahihishwa, ukakisia tena, hadi makosa yapungue. Mbinu hii ilithibitisha nguvu yake mwaka 2012, pale mtandao uliopewa jina AlexNet ulipowaacha mbali washindani wengine katika shindano la kutambua vitu katika hazina ya picha ya ImageNet. Mafunzo yakiisha, programu inabaki na mamilioni ya namba zilizobeba mazoea: jicho la mtu huwa hivi, manyoya ya ndege huwa hivi, anga la jioni huwa hivi. Unapoipa picha yako, inaisoma kwa mazoea hayo.

Mazoea hayo yanaweza kutumika kutambua kilichopo pichani, kusafisha kilichopo, au kutunga kisichokuwepo. Kutambua ndiko kumeinua kazi ya mpiga picha kuliko yote, nako ndiko kunakozungumzwa kidogo zaidi.

Jicho linalofuata jicho

Kamera za kwanza zilizotambua uso zilitegemea mbinu za aina ya ile iliyotolewa na Paul Viola na Michael Jones mwaka 2001: kutafuta ruwaza za mwanga na giza, kwa mfano eneo la macho kuwa jeusi kuliko mashavu. Zilifanya kazi uso ukitazama mbele. Mtu akigeuka upande, akivaa miwani au akiinama, zilimpoteza.

Mabadiliko yamekuja kwa kasi. Mwaka 2019 Sony walileta ufuatiliaji wa jicho usiohitaji kubonyeza kitufe cha ziada. Mwaka 2020 Canon waliingiza katika EOS-1D X Mark III utambuzi wa kichwa uliofunzwa kwa mitandao ya neva, hivyo kamera ikaendelea kumshika mwanamichezo hata uso ukiwa umefichika. Nikon Z9 ya mwaka 2021 ilikuja ikitambua aina tisa za vitu, wakiwemo watu, ndege, magari na treni. Mwaka uliofuata Sony waliweka katika α7R V kichakataji maalumu cha akili mnemba kinachosoma mkao wa mwili mzima, hivyo bibi harusi akigeuka kuwapungia wazazi mkono, kamera bado inajua kichwa kiko wapi.

Aliyewahi kufungua lenzi hadi f/1.8, yaani tundu pana la kuingiza mwanga, karibu na uso wa mtu anajua maana ya jambo hili. Kina cha fokasi hapo ni kidogo sana: jicho likiwa kali, sikio limeshalegea. Zamani mpiga picha alichagua nukta ya fokasi kwa kidole, akabana kitufe, akasogeza fremu, akaomba mtu asitikisike. Akili yake yote ilikuwa kwenye jicho moja. Sasa kamera inalishika jicho, na yeye anapata nafasi ya kumwona baba wa bibi harusi aliyesimama nyuma akijifuta machozi. Picha yenyewe haikuongezewa kitu. Kila nukta imetoka kwenye lenzi. Kama kuna kifaa cha akili mnemba ambacho sioni sababu ya mtu yeyote kukionea shaka, ni hiki.

Kuchagua picha ni kazi nyingine iliyokuwa ikila usiku. Programu kama Aftershoot na Narrative hukusanya picha zinazofanana, zikapima ukali wa kila uso, zikaangalia macho yaliyofumbwa, kisha zikapendekeza moja kati ya kumi na mbili. Kwa picha za makundi, familia ya watu thelathini mbele ya kanisa, msaada wake ni mkubwa. Ila programu hizi zina mazoea yao kuhusu picha nzuri, na moja ya mazoea hayo ni kwamba jicho lililofumbwa ni kasoro. Katika sherehe zetu jicho lililofumbwa mara nyingi ndiyo picha yenyewe. Watu hufumba macho wakati wa dua baada ya nikaha. Hufumba macho mchungaji anapowawekea mikono. Mama anayecheka kwa furaha hufumba macho, na binti anayelia siku ya send-off pia. Ukiiachia mashine ichague peke yake, albamu itajaa watu wanaotazama kamera, na saa nzito kuliko zote zitakuwa zimetupwa kwenye kapu la picha mbovu. Wapiga picha makini huiacha itenge zile zilizotikisika na zile zinazojirudia, halafu dua, machozi na vicheko wanavipitia kwa macho yao.

Kisha kuna kuchagua sehemu ndani ya picha. Tangu Oktoba 2021 Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, inaweza kutenga anga au mhusika mkuu kwa kubonyeza mara moja, na mwaka mmoja baadaye ikaweza kutenga ngozi ya uso, nywele na midomo, kila kimoja peke yake. Hapo kale ulifuata ukingo wa shela kwa brashi, taratibu, dakika baada ya dakika, na picha moja ilikula muda wa picha kumi.

Kutambua kwa mashine hakuishii kwenye studio. Mfano mkubwa kuliko yote ninaoufahamu uko Serengeti. Tangu mwaka 2010, mradi wa Snapshot Serengeti umetumia kamera 225 zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita. Zilikusanya picha milioni 3.2, nyingine zikiwa nyasi tu zilizotikiswa na upepo. Watu wa kujitolea kutoka sehemu mbalimbali za dunia walizipitia wakiandika nyumbu, fisi, pundamilia. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Mohammad Sadegh Norouzzadeh walichapisha matokeo ya mtandao wa neva uliofunzwa kwa majibu ya watu hao: ulitambua aina 48 za wanyama kwa usahihi wa asilimia 93.8. Ulipoachiwa kujibu pale tu ulipokuwa na uhakika, uliweza kufanya asilimia 99.3 ya kazi kwa usahihi sawa na wa binadamu, asilimia 96.6, na kuokoa zaidi ya saa 17,000 za kazi ya watu. Nimelitaja hili kwa sababu ya ile sehemu ya mwisho. Mashine iliyojua wakati wa kunyamaza ilifaa kuliko iliyojibu kila swali.

Kuna na papa potwe wa kisiwa cha Mafia, ambao wapiga mbizi na watafiti huwapiga picha ubavuni. Madoa ya kila papa hayafanani na ya mwingine, na mbinu iliyotumika kuyalinganisha iliazimwa kwa wanaastronomia, waliokuwa wameitengeneza kulinganisha ruwaza za nyota. Picha ya mgeni aliyekuja kuogelea inaweza kuwa ushahidi kwamba papa fulani bado yuko hai.

Ngozi zetu

Mazoea ya mashine hutegemea ilifunzwa kwa picha za nani, na hapa kuna jambo linalotugusa moja kwa moja. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kibiashara zilizodai kutambua jinsia ya mtu kwa uso wake. Walitumia picha za wabunge 1,270 kutoka nchi sita: Rwanda, Senegal na Afrika Kusini kwa upande mmoja, Iceland, Finland na Sweden kwa upande mwingine. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, kosa kubwa zaidi lilikuwa asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Programu ni ileile, swali ni lilelile.

Utafiti huo haukupima kamera wala programu za kuhariri, lakini ulionyesha chanzo cha tatizo, na chanzo hicho wapiga picha wa kwetu wanakifahamu kwa mlango mwingine. Kipima mwanga cha kamera kimejengwa juu ya dhana kwamba wastani wa kila tukio ni kijivu kinachoakisi asilimia 18 ya mwanga. Mweke bibi harusi mweusi ndani ya gauni jeupe lililojaza fremu: kamera inaliona gauni, inapunguza mwanga, na uso unazama. Mpiga picha mzoefu anajua kuongeza mwanga na kulinda gauni. Programu inayohariri yenyewe, ikiwa mifano iliyofunzwa nayo ilikuwa na watu wachache wa rangi yetu, itaisukuma ngozi kuelekea ile iliyoizoea, na bibi harusi atatoka kijivu au mweupe kuliko alivyo. Watu wake watamwona na watasema huyu si yeye.

Baadhi ya watengenezaji wameanza kulifanyia kazi. Google walipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 walitangaza marekebisho waliyoyaita Real Tone, waliyoyaandaa pamoja na wapiga picha waliobobea katika kupiga watu wa rangi mbalimbali. Kwa kazi ya studio, njia yenye matumaini zaidi ni zile programu, Imagen ikiwa mojawapo, zinazojifunza kutoka kwa picha ulizohariri mwenyewe. Unazipa maelfu ya picha zako za zamani, pamoja na kila badiliko ulilofanya, na zinashika mkono wako: kiasi cha joto unachopenda, jinsi unavyoinua vivuli usoni. Mpiga picha wa Mombasa au Mwanza mwenye miaka kumi ya kazi ana hazina ambayo hakuna kampuni ya California iliyonayo. Anayefuta mafaili yake ya zamani ili apate nafasi kwenye diski anajinyima mwalimu bora wa mashine yake.

Chenga, mahali mpaka unapofifia

Sasa tuje kwenye eneo gumu. Kila aliyepiga picha kwenye ukumbi wenye giza anazijua chenga zile zinazotapakaa kwenye koti jeusi la bwana harusi. Zinatoka wapi? Mwanga hufika kwenye kihisi kwa vipande vidogo visivyopangika, kama mvua inapoanza kudondoka sakafuni: vigae viwili vilivyolingana havipati matone sawa. Nukta iliyotarajiwa kupata chembe 10,000 za mwanga itayumba kwa kiasi cha 100, yaani asilimia moja, na jicho halitaona. Nukta iliyotarajiwa kupata 100 itayumba kwa 10, yaani asilimia kumi, na hiyo ndiyo chenga. Kwa sehemu kubwa, tatizo ni uhaba wa mwanga wenyewe, hata kamera iwe ghali namna gani.

Programu za zamani zilisafisha kwa kuchukua wastani wa nukta za jirani. Chenga ziliondoka, pamoja na kope, nyuzi za kitenge na vinyweleo vya ngozi. Uso ukabaki kama wa sanamu ya nta. Mwezi Aprili 2023 Lightroom ilileta usafishaji wa aina mpya kwa mafaili ya RAW, yaani mafaili ghafi ya kamera, na programu nyingine, kama zile za DxO na Topaz, zilikuwa zimeshaifungua njia hiyo. Mtandao wa neva huonyeshwa jozi nyingi za vipande vya picha, kimoja chenye chenga na kimoja kisafi, hadi ujue hii ni chenga na huu ni uzi wa kitambaa. Picha iliyopigwa gizani kwa ISO 6400, yaani kiwango cha juu cha usikivu kwa mwanga, inatoka safi kiasi ambacho miaka michache nyuma ungehitaji kamera ya bei maradufu. Kwa mpiga picha asiyeweza kununua lenzi ya f/1.4, huu ni ukombozi wa kweli.

Lakini uzi ule wa kitambaa umetoka wapi? Kama mwanga uliofika ulitosha kuuonyesha uzi, hata kwa unyonge, programu imeufichua. Kama haukutosha, programu imeweka uzi unaofanana na nyuzi ilizoziona kwingine. Ukitazama picha, huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili limetokea.

Na hapa kuna jambo ambalo likieleweka, mengi yanafunguka. Modeli zinazotunga picha kutoka kwenye maneno, kama Stable Diffusion iliyotolewa Agosti 2022, kiini chake ni mashine ya kusafisha chenga. Hufunzwa kwa kuchukua picha, kuiharibu kwa chenga kidogo kidogo, na kujifunza kuzirudisha nyuma. Kisha zinapewa chenga tupu, zisizo na picha yoyote ndani yake, na kuambiwa zisafishe, zikiongozwa na maneno kama "simba machweo". Hatua kwa hatua simba anatokea. Mwanga wa simba yeyote halisi haukuhusika. Kwa hiyo kati ya kusafisha na kutunga hakuna ukuta, kuna mteremko: kadiri mwanga uliouleta wewe unavyopungua, ndivyo kumbukumbu ya picha za wengine inavyozidi kushika usukani.

Mwaka 2023 mtumiaji mmoja wa mtandao wa Reddit alitoa jaribio lililouonyesha mteremko huo waziwazi. Alichukua picha ya mwezi, akaipunguza hadi nukta 170 kwa 170, akaifanyia ukungu hadi mashimo yasionekane, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta na kuipiga kwa simu ya Samsung kutoka upande wa pili wa chumba chenye giza. Simu ikatoa mwezi wenye mashimo. Samsung walieleza kwamba simu zao hutambua mwezi na kuuboresha kwa mitandao ya neva. Kwa mwezi jambo hilo halidhuru sana, maana mwezi huonyesha dunia upande wake uleule siku zote, na kumbukumbu ya picha za wengine inaujua vizuri.

Bibi yako si mwezi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa programu iitwayo PULSE, inayogeuza uso wa vipande vichache kuwa uso mkali. Watu waliipa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hadi ikawa vipande vikubwa vya mraba, ambavyo mtu yeyote bado angemtambua. Programu ikatoa uso mkali, safi, wenye kila kinyweleo, wa mzungu. Kila anayerejesha picha za kale za familia kwa programu za kukuza na kung'arisha akumbuke tukio hilo. Picha ya babu ya mwaka 1965, uso ukiwa na ukubwa wa punje ya mahindi, itarudi ikiwa na macho makali yanayopendeza. Huenda si macho yake.

Kutunga, na nani anaruhusiwa

Photoshop ilipoweka uwezo wa kujaza sehemu ya picha kwa maneno, kwa majaribio Mei 2023 na kwa wote Septemba mwaka huohuo, kutunga kukawa sehemu ya chombo cha kila siku. Ukitaka kupanua mandhari ili bango la tangazo lipate nafasi ya maandishi, sekunde chache. Waya wa umeme uliopita juu ya kichwa cha bwana harusi, vivyo hivyo. Kwa tangazo la sabuni au jalada la kalenda, sioni tatizo. Hakuna aliyeahidiwa kwamba ile ni habari.

Kwa picha ya habari jibu ni tofauti kabisa. Agosti 2023 shirika la Associated Press liliwaagiza watu wake wasitumie akili mnemba inayotunga kuongeza wala kupunguza kitu chochote kwenye picha. Shindano la World Press Photo, baada ya kulalamikiwa na wapiga picha mwishoni mwa mwaka huo, liliondoa mpango wake wa kuruhusu picha zilizotungwa katika kundi mojawapo. Kanuni zake zinakubali usafishaji wa chenga usiobadilisha maana ya picha, na zinakataa programu za kukuza picha zinazoingiza taarifa mpya. Ni mpaka uleule tuliouona: unasafisha mwanga wako, huazimi wa wengine.

Na macho ya majaji hayatoshi kuulinda mpaka huo. Aprili 2023 Boris Eldagsen wa Ujerumani alikataa tuzo aliyoshinda katika Sony World Photography Awards, akisema picha yake ilitungwa na mashine na alitaka kuona kama mashindano yako tayari. Mwaka uliofuata Miles Astray alifanya kinyume: alipeleka picha halisi ya flamingo aliyekunja kichwa chini ya tumbo kwenye kundi la picha za akili mnemba la 1839 Awards, ikashinda nafasi mpaka alipojitaja, ikaondolewa. Wataalamu wa picha walidanganyika kwa pande zote mbili.

Ndiyo maana juhudi zimehamia kwenye asili ya faili badala ya sura yake. Mwaka 2021 Adobe, Arm, BBC, Intel, Microsoft na Truepic waliunda C2PA, utaratibu wa kuambatisha kwenye picha saini ya kidijitali inayosema ilipigwa lini, kwa kifaa gani, na ilihaririwa vipi. Leica M11-P ya Oktoba 2023 ilikuwa kamera ya kwanza kuuzwa ikiwa na saini hiyo ndani yake. Udhaifu wake ni kwamba mitandao mingi ya kijamii na ya ujumbe huondoa taarifa zilizoambatishwa picha inapopakiwa. Hadi leo ushahidi bora alionao mpiga picha wa kawaida ni faili lake la RAW, asilolitoa kwa mtu.

Suala la haki ya waliopiga picha zinazotumika kufunza mashine halijatulia pia. Hazina ya LAION-5B, yenye jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo zilizokusanywa kwenye intaneti, ndiyo iliyotoa sehemu ya mafunzo ya Stable Diffusion, na wenye picha hawakuulizwa. Getty Images, kampuni inayouza picha, waliishtaki Stability AI, kampuni ya Stable Diffusion, mwaka 2023. Novemba 2025 Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba modeli yenyewe si nakala ya picha kwa kuwa haizihifadhi ndani yake. Getty walipata ushindi mdogo tu kuhusu alama yao ya biashara. Mimi naona uamuzi huo umejibu swali la wanasheria na kuliacha la wapiga picha, kwa sababu wao walilalamikia kazi yao kutumiwa kumjenga mshindani wao.

Mpiga picha wa familia yuko katikati ya tangazo na habari, na hakuna shindano linalomwandikia kanuni. Mteja anaomba marehemu baba yake awekwe kwenye picha ya familia, pembeni ya mama. Ombi hili lilikuwepo studio zilipokuwa zikikata na kubandika kwa mkasi. Nalikubali, ni maombolezo na ni upendo, na familia inajua ukweli. Ninachosisitiza ni kwamba picha hiyo iwe faili la peke yake, jina lake liseme imeunganishwa, na ile ya asili ikabidhiwe pamoja nayo.

Picha za wateja zinakwenda wapi

Jambo la mwisho huulizwa kidogo sana. Programu nyingine, Aftershoot kwa mfano, hufanya kazi ndani ya kompyuta yako. Nyingine, kama Imagen, na vilevile kile kifaa cha Photoshop cha kujaza kwa maneno, hutuma picha kwenye seva za mbali. Juni 2024 Adobe walipobadilisha maneno ya mkataba wao, wapiga picha walipandwa na hasira duniani kote, na kampuni ikalazimika kueleza kwamba haifunzi Firefly, modeli zake za kutunga picha, kwa picha za wateja. Hasira ile ilikuwa na msingi: picha ya mtu ni taarifa yake binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Pwani na Visiwani suala hili lina uzito wa ziada. Kuna sherehe za wanawake pekee, ambako mpiga picha ni mwanamke, simu hukusanywa mlangoni, na bibi harusi huvuliwa buibui kwa kuaminiana kwamba picha hizo hazitatoka nje ya nyumba. Kuzipakia kwenye seva ya nchi nyingine ili zichaguliwe na kung'arishwa ni kuvunja masharti aliyoyakubali mpiga picha mlangoni, hata kama hakuna mtu atakayezitazama. Kabla ya kupakia picha za namna hiyo, mpiga picha asome mkataba wa programu apate majibu matatu: picha zinachakatwa wapi, zinahifadhiwa kwa muda gani, na zinatumika kufunza modeli au la. Asipoyapata, azichague na kuzihariri kwa programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta yake, intaneti ikiwa imezimwa, na amwambie mwenye shughuli kwamba ndivyo atakavyofanya, kabla ya kupokea malipo ya awali.